Mabonyeo ya Fimbo

Chemchem, Tabora

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta goti lako limetulia, na Mama anaendelea vizuri na choroko zake. Mimi ni mzima, mke wangu mzima, mtoto anaota meno na anauma kila kinachopita karibu yake. Mvua ya huku imenyesha ya kudanganya tu. Vipi hapo Ziba, lambo limepata maji? Ng'ombe wanakunywa wapi?

Utashangaa kupata barua zama hizi. Simu yako, Baba, inashinda dukani kwenye chaji, na vijana wako wa sungusungu ndio wanaoipokea na kukusomea meseji. Haya ninayoandika si ya kusomewa na mtu. Nimempa mjomba Lubinza, anayekuja huko kuchukua mchele, nikamwambia akupe wewe mkononi. Isome peke yako. Mama utamwambia mwenyewe, kwa namna utakayoona inafaa.

Kazi yangu unaijua kwa kuisikia tu. Nanyoosha mabonyeo madogo ya kwenye bodi za magari, yale ambayo rangi haijachunika. Napitisha chuma nilichokipinda mwenyewe nyuma ya bati, nasukuma kidogo kidogo kwa ndani, huku naangalia mwanga wa taa ya tyubu juu ya rangi mpaka mstari wake unyooke. Ukiwa na pupa unaacha kinundu. Sasa ukikaa sana na kazi hii, unalijua kila bonyeo lilikotoka. Embe likianguka juu ya paa lina namna yake, usukani wa bodaboda una namna yake, mbuzi akiparamia boneti naye unamtambua. Wateja wanatudanganya kila siku, sisi tunaitikia. Mzee Hamadi, mwenye gereji, katukataza kuuliza. Anasema, "Sisi tunanyoosha bati, hatunyooshi watu."

Basi Jumatatu ya wiki hii, asubuhi, Shija akaingia gereji anaendesha gari dogo jeupe. Huyu huyu Shija wetu, mdogo wangu, ambaye mnajua yuko Nzega anauza vipuri. Nilifurahi, nikamkumbatia na mafuta yangu. Akaniambia ameacha vipuri, sasa ni dereva wa tajiri mmoja. Gari limeharibiwa na watoto, wamelitupia mawe, na tajiri anataka lirudi kama lilivyokuwa.

Nikalimwagia maji, nikapitisha kiganja. Hayakuwa ya mawe, Baba. Jiwe linaacha kishimo na kuchuna rangi. Haya yalikuwa marefu, membamba, yanaanza na bonde la duara na kuishia kwa mfereji, kama rungu linavyotua. Yalijaa mlango wa nyuma na ukingo wa paa. Mbele hapakuwa na hata moja. Gari hilo lilipigwa likiwa linakimbia.

Mimi nimekulia kwako. Mwano ukipigwa, ule ukelele wa kuita watu mwizi akiingia, kila mwanaume anatoka na fimbo yake, na asiyetoka analipa faini. Nimekimbia na ninyi tangu sijaota ndevu, najua fimbo zetu zinavyotua. Nikafungua nyuma. Viti vimeng'olewa, sakafu imeoshwa kwa sabuni, lakini chini ya mpira wa mlango pamebaki manyoya na kinyesi cha mbuzi. Kisha nikazunguka upande wa dereva. Chini kidogo ya kioo kulikuwa na alama ndogo, haizidi punje ya harage, imechongoka kwenda ndani. Mshale, Baba. Bati ndilo lililouzuia, na nyuma ya bati hilo ndipo zinapokaa mbavu za dereva.

Nikamuuliza, "Shija, mbavu zako nzima?"

Akacheka. "Kaka, wewe nyoosha. Mimi dereva tu, sishiki mnyama wa mtu."

"Wakikukamata watauliza nani alishika?"

Akawa anabandua gamba la rangi kwa kucha. Halafu akaniuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, siku hizi Baba anapanga vijana wangapi upande wa mbugani, na kama bado wanazunguka kwa zamu.

Baba, hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilimkaba kola ya shati mpaka akasema. Tajiri wake amejua kwamba ni mtoto wako, kamanda wa sungusungu. Wanataka zizi la Ziba. Kazi yake ni kuja nyumbani mchana, Jumamosi ya wiki ijayo, na sukari ya Mama na kanga, ale, acheke na watu, aulize njia za doria. Nikamwambia aache, akae hapa kwangu, tutakula tulichonacho. Akasema, "Ningekuwa naweza kuacha ningeshaacha. Wanajua kwetu."

Nilijaribu kuchelewesha. Niliwaambia chuma kimevunjika, nikawaambia rangi haijakauka, maana walitaka sasa gari liwe jekundu. Siku ya tatu tajiri alikuja mwenyewe. Mtu mpole, shati safi, ana tabasamu la mgeni wa harusi. Alipapasa ule mlango wa dereva mahali pale pale, akanisifu. "Mkono wako mzuri, Doto. Tutakuletea kazi nyingine." Jina langu sikumpa mimi. Akaniuliza Mzee goti lake linaendeleaje, na Mama bado anapanda choroko ule upande wa lambo? Mimi nikajibu wazima, bwana, kwa adabu. Wakaondoka, Shija kwenye usukani. Hakunipungia mkono.

Polisi sijaenda. Naogopa, nasema ukweli. Nikienda, wa kwanza kukamatwa ni Shija, na yule mpole atabaki nje na njia ya kuja kwenu anaijua.

Najua msimamo wako. Nilikuwepo mkutanoni uliposema mwizi hana kwao, na watu wakakupigia makofi. Siombi uilegeze sheria kwa ajili ya mwanao, wala usifiche neno kwa wenzako kuhusu zizi. Waambie walinde. Ninachoomba ni hiki: Shija akija mchana na sukari yake, mpokee, mwache ale, halafu mnyang'anye ufunguo. Mfungie ghalani, mfunge kamba ikibidi, alie, atukane. Kisha nenda naye kwa mtendaji wa kata, mkimtangulia yule tajiri, awataje wenzake kwa mdomo wake. Jela anatoka mtu.

Nisalimie Mama, mwambie mjukuu wake amefanana naye paji la uso. Nisalimie Kulwa, pacha wangu, na shemeji, na Padri akipita kigango. Bibi mnunulie tumbaku, aliniomba nikasahau.

Na kama Shija hatakuja mchana, Baba. Kama utasikia tu mwano usiku na watu wanakimbilia gari jekundu, usisubiri fimbo yako wala viatu. Goti likuume, kimbia, wewe ndiye utangulie. Watakapomvuta nje wenzako hawataangalia uso. Wewe mwangukie, mlalie kwa mwili wako wote, useme huyu ni wangu. Hakuna kijana wa Ziba atakayempiga kamanda.

Mimi mwanao,
Doto