Baba Mkwe Alikuwa kwenye Benchi la Kliniki

Bi Rahima mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimekwama na sina wa kumwambia. Nina miaka arobaini na moja, nimeolewa hapa Lufingo na Asajile, tumekaa miaka mingi bila mtoto na siku zangu zinakuja zinavyotaka, mwezi huu zipo, miezi miwili hazipo, ndipo tukaenda Mbeya kwa daktari wa hizi kliniki za binafsi zilizoruhusiwa sasa, akanipa vidonge vya kukomaza mayai, halafu akanipima kwa mashine yenye kioo kama televisheni, na Bi Rahima, nilikiona kifuko cha yai langu, cheusi, kama harage, kinakua humo ndani mwangu mimi. Daktari akaniambia nirudi Jumatatu nichomwe sindano ya kulipevusha.

Jumatatu nafika, kwenye benchi la wagonjwa amekaa baba mkwe na mguu wake mbovu. Kwa mila yetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe, mimi tangu niolewe nikimsikia anakohoa naingia migombani, basi nikajifunika kitenge nikakimbilia kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, lakini alishaniona. Mvua ikaanza, naye akatoka na fimbo yake, akasimama nje, uso ameuelekeza ukutani, mpaka akalowa chapachapa. Nikajua amenichukia, nikarudi nyumbani bila sindano, na Asajile sijamwambia. Huu mwezi wa pili damu haijaja, joto linanipanda kifuani hadi usoni hata kwenye baridi ya asubuhi, jirani yangu Sekela anasema ndio ukomo huo, nikubali. Vidonge vimebaki, je, nivimeze vyote damu irudi, au kweli nimekwisha?

Mwenye Mashaka, Lufingo

Marahaba, mama. Usimeze hata kimoja. Dawa hizo hazimezwi kwa kubahatisha, na damu ikikosekana jambo la kwanza kuulizwa ni mimba, kwa sindano au bila sindano. Kapime mkojo kwanza. Hilo joto, vidonge vyenyewe huweza kulileta. Inawezekana pia ukomo umeanza kubisha hodi, kwa umri wako si ajabu, lakini hilo atalisema daktari akishakupima, si Sekela. Na abishaye hodi bado yuko nje.

Pole kwa yote, ila nitakugombeza. Umemficha Asajile kitu ambacho ni chake pia. Mwambie leo, na kama yeye hajapimwa, akapimwe. Mtoto hatafutwi na mmoja.

Sasa mzee. Nilipofika hapo niliirudia barua yako tangu mwanzo. Mama, mtu mwenye hasira huenda zake. Huyu ana mguu mbovu, ameacha benchi kavu na zamu yake, akasimama mvuani na kuugeuza uso wake ukutani. Mila ileile iliyokukimbiza wewe, yeye aliitumia kukufungulia mlango. Alikuwa anakupisha uingie. Nimesoma barua nyingi za wakwe, na sijapata kukutana na heshima kubwa namna hii.

Rudi kliniki wiki hii, umweleze daktari kila kitu, hata kukimbia kwako. Ukimkuta tena mzee amekupa mgongo, jifunike kitenge chako, upite, uingie. Usimwache alowe bure mara ya pili.