Sombe Mbichi Kwenye Nyumba ya Vioo

Jumapili jioni, Mei 2010. Rissne.

Jua lipo lakini halina joto, kama kawaida ya huku mwezi huu. Limekaa dirishani tangu alfajiri na bado linanitazama ninapoandika. Bahati yuko sebuleni anatazama mpira. Mimi niko chumbani, mlango nimeurudisha.

Wanaonisoma kwenye blogu hii wananijua kwa mambo ya mapenzi tu. Picha za harusi Bungoma, keki, gauni, machozi ya mama yangu. Niliwahi kuandika ukurasa mzima kuhusu kishimo cha shavuni mwa Bahati, na sifuti hata neno. Bado nampenda. Nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo unaruka kama wa msichana wa Form Two aliyeandikiwa barua.

Ila leo nina uchungu, na sina mwingine wa kumwambia.

Bahati anakaanga chipsi kwenye bustani moja kubwa ya michezo hapa Stockholm, yenye mabembea ya kurusha watu juu mpaka wanamwita Mungu kwa Kiswidi. Leo ilikuwa siku ya familia za wafanyakazi. Wiki iliyopita aliniambia, "Jiandae, mpenzi, watu wa kazini watakuona." Watakuona! Tangu nifike huku sijamsikia akiniita mke wake mbele ya Mswidi hata mmoja. Kanisani wanajua wote, Wakongo na Wakenya. Huko nje mimi ni mtu anayetembea kando yake. Basi nikaenda mtaa wa Tensta kunyoosha nywele, nikavaa gauni la manjano alilonitumia wakati wa uchumba. Nilikuwa nangojea neno moja tu litoke kinywani mwake. Mke.

Tulikwenda wanne: mimi, Bahati, mama yake, na mdogo wake Neema mwenye miaka kumi na mmoja, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi.

Kabla ya mabembea kulikuwa na matembezi ya kuongozwa katika nyumba ya vioo wanakooteshea mimea ya nchi za joto. Kiongozi wetu, Annika, mwanamke mrefu mwenye ovaroli ya kijani, anamfahamu Bahati kwa sababu hula chipsi zake kila mchana. Akampiga begani, akamsalimu Mama, akamsalimu Neema, kisha akanigeukia akitabasamu, akingoja kujulishwa mimi ni nani. Bahati akafungua mdomo. Hapo hapo watoto wa familia nyingine wakauvamia mlango, Annika akapiga makofi, tukaingia.

Nikajisemea, si kitu, atasema mbele ya safari.

Mle ndani kulikuwa na joto la kweli, lenye unyevu, joto linalokukumbatia. Nywele zangu zilianza kurudi zilikotoka kabla hatujaifikia migomba. Nikauona mti wa kahawa ukiwa na buni zake mbili tatu nyekundu, nikakumbuka vidole vya mama yangu wakati wa kuchuma, nikataka kulia kwa furaha. Waswidi walikuwa wameuzunguka mgomba mmoja kimya, kama wanaoaga maiti.

Mama akaniinamia, na Kiswahili chake cha Kongo, akiishangaa foleni ile. "Bazungu banapanga mulongo juu ya kuona mugomba? Kwetu hata mbuzi haiangalie!"

Nilicheka mpaka Bahati akageuka na kutunyamazisha kwa macho.

Halafu tukafika kwenye mhogo.

"Sombe," Mama akasema. Hakulitamka, alilipumua.

Kwa asiyejua, sombe ni majani ya mhogo, na kwa Mkongo hiyo si mboga tu, ni nyumbani. Tensta yanauzwa yaliyogandishwa, kwenye pakiti, na kila mara Mama akifungua pakiti husema haya yamekufa zamani. Tangu aondoke Bukavu hajashika jani bichi. Niliuona mkono wake ukinyanyuka. Ulichuma haraka, machanga tu, yale ya juu, kama mtu aliyeko shambani kwake. "Weka mu sakoshi," akaninong'oneza, akanisukumia konzi nzima kwenye mkoba wangu. Mengine akayafunga kwenye ncha ya kitenge chake.

Ningemkatazaje? Uso wake ulikuwa umerudi usichanani.

Tulirudi kwa njia ileile, na Annika akasimama ghafla. Mhogo wake ulikuwa umebaki vikonyo vitupu upande wa njia, vinachuruzika utomvu mweupe. Akauliza kwa Kiswidi, kisha kwa Kiingereza, nani amechuma. Watu wakatazamana. Mama alikuwa ameikamata ncha ya kitenge na kurudi nyuma yangu. Mwanamke aliyetembea porini wakati wa vita akiwa na mtoto mgongoni, anajificha mbele ya ovaroli.

Kwetu mkaza mwana hamwachi mama mkwe aaibike hadharani. Hakuna anayekufundisha, unakua ukiona. Nikafungua mkoba, nikatoa majani.

"Ni mimi," nikasema.

Halafu nikamtazama Bahati. Wakati wake ndio huo. Angesema tu, samahani Annika, huyu ni mke wangu, amekosea. Ningeionea fahari hata aibu yenyewe.

Bahati akasema, "Samahani sana. Ni mgeni wetu. Katoka Afrika juzi, bado hajajua taratibu."

Alisema kwa Kiswidi cha haraka, labda akidhani sitashika. Nilishika kila neno. Neno mgeni tulifundishwa kwenye darasa la Kiswidi wiki za mwanzo kabisa, kwenye somo la kuwakaribisha watu kahawa.

Mgeni.

Annika akayachukua majani, uso ukamlegea. Akaniambia kwa Kiingereza cha polepole, kama anayesema na mtoto aliyepotea sokoni, "Karibu Sweden."

Na mimi nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante.

Mabembea siyakumbuki. Ipo picha ambayo sote tunacheka.

Tuliposhuka treni Rissne, tukipita kwenye ule ukuta wa stesheni ulioandikwa historia ya dunia nzima, Neema akamvuta kaka yake mkono. Na leo, Mungu wangu, leo akaamua kusema Kiswahili.

"Kwa nini ulisema yeye ni mgeni? Si analala chumbani kwako?"

Bahati akamwambia atangulie na Mama. Halafu akanigeukia. "Nilitaka kumaliza maneno tu, mpenzi. Mkataba wangu wa kiangazi wanauamua wiki hii. Ulitaka niseme nini? Mke wangu ni mwizi?"

"Ungesema mke wangu, ukaishia hapo."

Akanishika kiuno, akanibusu paji la uso. Akaniambia nina hasira nzuri. Siku nyingine ningeyeyuka. Leo nilihesabu mabango ukutani mpaka akaniachia.

Nilikuwa nimebakiwa na tumaini moja, kwamba Mama atasema. Kwamba tukifika nyumbani atamwita mwanawe na kumwambia, usimwonee mwenzio, ni mimi nilichuma. Akaingia jikoni badala yake. Akafungua ncha ya kitenge, akakunja blanketi chini ya kinu ili jirani wa chini asigonge dari, akaanza kutwanga. Nikaenda kumsaidia. Akanipapasa shavu kwa mkono wenye harufu ya majani.

"Haiko kitu, mutoto yangu," akasema. "Wanaume, kazi inabatia woga."

Ni hilo tu.

Nyumba nzima ilinukia mawese na dagaa. Tulipoketi, Mama akampakulia Bahati kwanza, rundo. "Kula, baba." Bahati akatia tonge, akafumba macho.

"Eh, Mama! Hii ni ya nyumbani kabisa. Imetoka wapi?"

"Ni ya Tensta," Mama akajibu bila kuinua uso.

Mkono wa Bahati ukasimama hewani. Akaitazama sahani, akamtazama mama yake, akanitazama mimi, mara moja, haraka. Alijua. Naapa alijua. Sombe ya pakiti haina harufu ile, naye ameila miaka yote. Nikangoja.

Akamega tonge lingine.

"Tamu," akasema.

Nimekula kidogo nikasingizia kichwa. Na kweli ilikuwa tamu, hilo ndilo linaniuma zaidi. Ningependa ingekuwa chungu.

Sasa namsikia anacheka na mpira. Atakuja kulala, atanikumbatia, nami nitamkumbatia, kwa sababu sijui kulala bila mkono wake. Sijui kama hilo ni penzi au ni ubaridi wa nchi hii.

Kesho ni darasa. Kila Jumatatu mwalimu hutuzungusha tujitambulishe, na mimi nina sentensi zangu mbili za Kiswidi ninazozijua vizuri kuliko zote. Naitwa Nafula. Nimeolewa na Bahati. Ya pili huisema kwa sauti kubwa mpaka wenzangu wa nyuma wananipigia vigelegele.

Kesho nitaishia kwenye nukta ya kwanza.