Swali la kwanza la Hafidhi

Mwanvita, kaka yangu Hafidhi kajifungia chumbani, hataki hata kula!

Si alimfungia dereva wake Editha springi ngumu za nyuma ili gari likate kona haraka kwenye mashindano ya magari kule Kihonda? Editha akamwambia mara mbili, "Fundi, nyuma linateleza mno." Yeye akamjibu, "Wewe endesha, ufundi niachie mimi."

Mbele za watu, shoga! Mbele za watu!

Kona ya tatu gari likapinduka. Hafidhi akakimbia kwenye vumbi, na unajua aliuliza nini kwanza? "Gari limeumia wapi?"

Editha akatokea dirishani, mdomo unavuja damu. "Mimi mzima, fundi. Asante kwa kuuliza."

Hafidhi akainama kama anaokota spana. Hapakuwa na spana yoyote pale chini.