Mkono wa Mwanangu Naujua

Mdogo wangu,

Huku hatujambo, isipokuwa mgongo wangu, na hiyo si habari mpya. Jana nimekutumia kifurushi cha sikukuu. Ndani kuna nyota za kutundika mlangoni na glavu ya kushikia sufuria za moto. Vyote Mama kavishona mwenyewe kwa yale mapazia yetu mekundu ya zamani, na pamba katikati. Mishono imenyooka kama ya cherehani. Kwa hilo bado hana mpinzani.

Glavu haitakuingia. Usicheke, wala usimwambie kwenye simu.

Sisi wengine alituchora viganja kwenye gazeti kabla ya kukata kitambaa. Yako alikata tu. Akasema, "Mkono wa mwanangu naujua." Alipomaliza, ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwambia, "Mama, huyo sasa ana ndevu." Akanitazama kana kwamba nimemtukana, kisha akaniuliza mbona wewe hujarudi kutoka shule.

Nikamtilia uzi kwenye sindano.

Wewe kila mwaka unasema utakuja mambo yakitulia. Basi sikiliza. Juzi ameanza kukushonea glavu nyingine, maana anasema ile ya kwanza ni kubwa mno, itakuvuka. Hii mpya hata vidole vyangu viwili haviingii.

Njoo akushike mkono, angali anakumbuka kwamba alikuzaa.

Ni mimi, dada yako.