Mama, Ondoa Tabaga Juu ya Sola

Mama yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Kifua kinaendeleaje? Unakula vizuri? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii, na sababu ni wewe.

Simu yako haipatikani, na ya dada pia. Huenda zimeisha chaji tu, naujua umeme wa hapo Koboko, lakini kichwa changu hakikubali. Ndiyo maana nampa barua hii mwenzangu wa Awindiri, kule Arua, tunayefanya naye usafi hotelini hapa Doha. Anakuja likizo, na ameniapia ataifikisha kwako mwenyewe.

Mara ya mwisho tulipozungumza kwa video ulisema taa ya sola niliyokutumia, ile ya uani, imekufa, na umerudia kibatari. "Inawaka kidogo tu baada ya magharibi, halafu inalala. Vitu ya sasa iko hivyo." Nikacheka. Kisha ukanigeuzia simu nione, na juu ya paneli nikaona tabaga, lile kawa lako la rangi ulilosuka la kufunikia sinia la Idi! Nikakuuliza, ukanijibu, "Mwanangu, hii kitu imetoka mbali, nafunika isipate vumbi. Mutu anaacha kitu mzuri wazi?" Simu ikakatika kabla sijakueleza.

Mama, paneli hiyo inakula jua. Ukiifunika mchana kutwa inashinda njaa, sasa jioni itawaka kwa nguvu gani? Taa ni nzima kabisa. Vumbi lipanguse tu kwa kitambaa chenye maji, na tabaga lirudi kwenye chakula.

Nasisitiza hivi kwa sababu naogopa, sikufichi. Siku ileile dada alinitumia ujumbe kwamba wameua nyoka kando ya choo, palepale unapotawadhia. Tangu hapo nakuona umeshika birika mkono mmoja na kibatari mkono mwingine, upepo unapeperusha moto karibu na nyasi za jiko. Kitanda kimoja cha mgeni nakitandika mara mbili bila kujua. Msimamizi ameniuliza kama naumwa, nikamwambia ni homa.

Taa ile sikuituma kwa fahari. Mafuta ya taa yanapanda bei kila ukienda dukani, na jua halimdai mtu. Moshi wa kibatari ndio unaokukohoza, ndio uliotia ukuta masizi. Halafu zile betri za tochi tunazotupa kwenye mihogo, watoto wanazipasua kwa mawe na kujipaka ule weusi, na mihogo yenyewe tunaila sisi. Sola imetuondolea yote hayo, ikiachwa wazi tu.

Nisalimie dada na mumewe, na mjomba wa Arua. Jirani yetu Mkongomani, yule muuza vitenge, mwambie namshukuru kwa kukuchungulia jioni, na asichoke.

Hapa kazini wanakataza simu, lakini yangu siizimi tena, naificha ndani ya soksi. Kila ikitikisika naogopa kuitazama. Ukipata chaji, Mama, nipigie wewe mwenyewe. Usimwambie mtu mwingine anipigie kwa simu yako, hata kwa salamu tu, kwa sababu nikisikia sauti isiyo yako nitaanguka kabla hajasema neno.

Binti yako anayekuwaza,
Zamzam