Kopo Ulilonipa la Vitamini

Mama, shikamoo.

Leo sikai, sisimami. Nimefagia uwanja mara mbili, nimepika chai nikasahau kuinywa. Nimeona bora nikuandikie, maana jambo lenyewe ni letu mimi na wewe, na wewe umeondoka ukaniachia peke yangu.

Ni lile kopo.

Unakumbuka tulivyokuwa tukirudi kliniki? Tukishuka Mbagala, kabla ya kuingia mtaani, unamimina dawa zangu za kifafa kwenye kopo la vitamini, bahasha ya hospitali unaichana vipande vipande. "Ukiulizwa, sema vitamini." Nikasema. Shuleni, kwa majirani, hata kwa Hamisi. Miaka mitatu mume wangu ananiletea maji ya kumezea vitamini. Sijaanguka hata mara moja mbele yake, na wewe ulikuwa unalifurahia hilo.

Tangu arobaini yako ipite tunatafuta mtoto. Nikaenda kwa daktari kimyakimya, akanipima damu. Akasema dawa hizi ukizimeza miaka mingi zinaweza kushusha vitamini D na foliki, ile wanayopewa wajawazito, na kwangu zote zimeshuka. Foliki ikishuka kuna kitu kingine kinapanda kwenye damu. Jina lake refu, lilinitoka kabla sijafika stendi. Vitamini hizo daktari atanipa mwenyewe, nisijinunulie, maana foliki ikizidi inaweza kupunguza nguvu ya dawa. Na dawa nisiache hata siku moja.

Hamisi akaikuta karatasi ya majibu kwenye pochi yangu, akaona vitamini zimepungua. "Wamekuuzia feki, mke wangu. Mbona unamezaga kila siku?" Jana jioni akarudi na kopo jipya, kubwa, la vitamini za kweli. La zamani alikuwa ameshalitupa.

Nilitoka bila viatu. Kiroba cha taka kilikuwa bado kibarazani, kinasubiri gari la asubuhi. Nikakimwaga chote, maganda ya ndizi na magamba ya samaki, mpaka nikaliona. Lilikuwa limefungwa vizuri, kama ulivyonifundisha. Kuinua macho, Hamisi amesimama mlangoni.

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, nimechuchumaa, mikono inanuka samaki. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mama naye alijua?" Nikasema ndiye aliyenifundisha. Akaingia ndani. Asubuhi ameondoka kwenda kazini bila kuniaga, ila nimekuta maji mezani, kwenye bilauri, yamefunikwa kisahani.

Sijui yana maana gani. Akirudi atasema nini? Atamwambia mama yake? Nimekukasirikia tangu alfajiri, Mama. Halafu nakumbuka ulivyokuwa ukinifuta mate kwa kanga yako mpya, bila kinyaa, na hasira inaniishia. Uliogopa nisiolewe. Nimeolewa, Mama, na bado naogopa.

Kopo nimelibandua karatasi yake, nimeandika dawa ya kifafa kwa kalamu nzito, na nimeliweka mezani. Wiki ijayo narudi kwa daktari. Nitamwomba Hamisi twende wote. Asipotaka, nitakwenda mwenyewe. Nikijaliwa binti, akiniuliza nameza nini, nitamtajia kwa jina lake. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, hata kama usingeipenda.

Pumzika, Mama. Dawa ya leo nimeshameza, na maji ya bilauri ile nimeyanywa yote.

Mwanao,
Somoe