Muhuri Wangu Kwenye Karatasi Yao

Kwako Mal-sun binti yangu, muuguzi wa Ujerumani,

Huku tu wazima. Vitunguu saumu vyangu mwaka huu havina mpinzani, majirani wamenuna. Mama yako goti linamsumbua, mdomo haumsumbui.

Yule bwana wa ubalozi wa Ujerumani uliyemlilia huko amefika. Alivua viatu vizuri, akala kimchi ya mama yako, kabichi yake ile ya pilipili, mpaka machozi yakamtoka. Alifuatana na afisa wa serikali yetu.

Afisa akasema, "Mzee, tumekubaliana. Mwanao atatoka gerezani, atapanda ndege akatibiwe mapafu Ujerumani. Yeye kakataa kukiri miaka tisa, basi muhuri wa baba unatosha. Gonga hapa."

Nikaisoma karatasi yao mwenyewe, herufi kwa herufi, na wakasubiri. Inasema kaka yako ni msaliti wa nchi, na mimi baba mtu nakiri na kuomba radhi.

"Gonga wako!" nikamwambia.

"Mzee, kiburi hakitibu kifua."

Wiki iliyopita nilimwona kaka yako Gyu-sik gerezani. Mkono wa shati una damu ya kukohoa. Akaniambia, "Baba, ukiwagongea, mimi sitoki humu."

Mal-sun, nimegonga. Sikutetemeka, mimi si wa kutetemeka. Ila tangu juzi nazunguka uani, kukaa siwezi, na wino mwekundu hautoki kidoleni.

Wanampandisha ndege Jumanne, hajaambiwa kuwa nimegonga. Akifika atakuuliza. Mwambie baba yetu hajui kusoma, walimdanganya.

Ni mimi baba yenu,
Bae Jong-du